Kabla ya ukumbi, tafuta muda: kwa anayetaka kuongoza maigizo ya majaribio Nairobi

Vijana wanaotaka kuongoza maigizo hunijia na maswali yale yale. Nani anafadhili? Ukumbi gani una bei nafuu? Nikasomee wapi? Wale waliozama YouTube usiku kucha huniuliza nina maoni gani kuhusu Grotowski, yule mwongozaji wa Poland. Swali ambalo kwangu ndilo la kwanza halijawahi kuulizwa na hata mmoja wao: nitaipata wapi miezi ya mazoezi, na ni nani atakayekaa nami miezi hiyo yote?

Jaribio hufanyika mazoezini. Siku ya onyesho jaribio limekwisha, na watazamaji wanaona kilichosalia baada ya mambo mengi kujaribiwa na kutupwa. Kama mlikuwa na wiki tatu tu, hakuna mlichotupa, na kama hamkutupa kitu basi hamkujaribu kitu. Unaweza kuwavika waigizaji magunia, ukazima taa, ukawaambia watembee kinyumenyume wakinong'ona, na bado ukawa umeandaa mchezo wa kawaida kabisa, ila tu umevaa magunia.

Utaratibu wa kawaida wa mji huu naujua, na umenilisha. Kundi linachukua mchezo wa vichekesho, linafanya mazoezi wiki tatu au nne, linaonyesha Ijumaa hadi Jumapili, kisha linaanza mwingine. Watu wanacheka, waigizaji wanapata chao, mwenye ukumbi anapata chake. Siidharau biashara hiyo hata kidogo. Anayeweza kuwachekesha watu mia tatu waliotoka kwenye foleni ya Thika Road wakiwa wamenuna ana ufundi ambao wengi wetu wa majaribio hatuna. Lakini katika utaratibu huo, kufikia wiki ya pili lazima ujue mchezo unaishaje. Sisi tunahitaji ruhusa ya kufika wiki ya sita tukiwa bado hatujui.

Hatujui nini, hasa? Hapo wengi hukwama, kwa hiyo nitatoa mfano wangu.

Tulikuwa na wazo la mchezo kuhusu deni ndani ya familia. Mtu amefia hospitalini, bili imefura, na mwili hautoki mpaka ilipwe. Tukaandika matukio, tukagawana sehemu, kila mtu akashika mistari yake, na kila jioni nilikuwa naondoka mazoezini nikijua kwamba runinga ingekifanya kitu hiki vizuri kuliko sisi. Basi tukaweka maandishi kando, tukabaki na swali moja: mtazamaji anaweza kuubeba uzito wa lile deni bila mtu yeyote kumwambia kwamba ni zito? Tukajaribu kwa kimya. Tukajaribu kwa wimbo. Tukajaribu kuwapa watazamaji mgongo mchezo mzima, na hilo nalo likachosha haraka. Siku moja tulikuwa tumepanga viti vya plastiki kwa duara, mwigizaji mmoja ameshika daftari la michango, anasoma kwa ile sauti ambayo sote tunaifahamu, ya mweka hazina wa kamati ya mazishi: "Auntie wa Umoja, ahadi elfu tano, ametoa mbili. Chama cha Akina Mama, ahadi elfu kumi, bado. Mjomba wa Nakuru... Mjomba wa Nakuru hatujampata kwa simu." Rafiki ya mwigizaji mwingine alikuwa amekuja kumsubiri wapande gari pamoja. Alikuwa ameketi kwenye kiti kilichokuwa wazi. Daftari lilipomfikia aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaingiza mkono mfukoni, akatoa shilingi mia mbili na kutaja jina lake.

Hakuna aliyecheka. Mwenye daftari aliandika jina, akasema asante, akampitishia wa pili.

Mchezo wetu tuliupata hapo. Tulitupa hospitali, tukatupa mjane anayelia, tukatupa kaka aliyerudi kutoka ng'ambo na hotuba yake ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeipenda sana. Tukabakiza kamati. Watazamaji wote wanaketi kwenye duara. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna maombi ya kufungua na ya kufunga. Na siri za familia zinatoka polepole kupitia nani ameahidi ngapi, nani ametoa, na nani jina lake linarukwa kila daftari linaposomwa. Hatukuhitaji kumfundisha mtu yeyote kanuni. Nairobi nzima imewahi kuketi kwenye kikao kama kile, iwe ni hoteli ya mjini au sebuleni kwa mtu Kayole.

Likabaki suala la pesa, kwa sababu kwenye maonyesho watu walitoa pesa za kweli. Tulibishana nusura tugawanyike. Ukizirudisha kimyakimya, ni kama umewaambia kwamba walichohisi kilikuwa mzaha. Ukizitia mfukoni, wewe ni mwizi. Mwishowe tukaamua mweka hazina asimame mlangoni na daftari lake, asome jina, arudishe kiasi kile kile mbele ya wote. Baadhi walikataa kupokea. Mzee mmoja aliniambia kwa ukali kwamba mchango wa matanga haurudishwi, ni mkosi. Za waliokataa tulizipeleka kwenye msiba wa kweli uliokuwa mtaa ule ule.

Nimekaa hapa muda mrefu kwa makusudi. Hakuna mwandishi ambaye angeniletea mchezo huo kutoka mezani kwake. Uliletwa na mambo mawili: tulikuwa na wiki za kutosha za kutojua, na mlango wa mazoezi ulikuwa wazi.

Kuacha mlango wazi si uvumbuzi wangu. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi waliandaa Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ katika ukumbi wa wazi waliojijengea wenyewe. Mazoezi yalifanyika kijiji kikitazama. Anayepita alisimama akasahihisha, kwamba mzee wa rika hili haongei hivyo, na wimbo huu hauimbwi hivyo. Novemba mwaka huo leseni ya maonyesho ikafutwa, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, akakaa huko karibu mwaka mzima. Walipojaribu tena mwaka 1982 na Maitũ Njugĩra, walifungiwa milango ya Kenya National Theatre, wakaendelea na mazoezi ng'ambo ya barabara, Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu wakamiminika kutazama mazoezi hayo mpaka ukumbi ukafurika. Onyesho lenyewe halikuruhusiwa kamwe. Kwa hiyo mojawapo ya kazi zinazotajwa sana katika historia ya jukwaa letu ilionekana Nairobi kama mazoezi, basi. Machi mwaka huo ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ulibomolewa.

Mimi hufungua mlango kuanzia wiki ya tatu, si kabla, kwa sababu waigizaji wanahitaji muda wa kuaibika wakiwa peke yao. Naalika watu wawili au watatu tu kwa siku, na sichagui wasanii wenzangu. Wasanii watakuambia mchezo umewakumbusha nini. Mwite mwenye kibanda anayewapikia chapati na maharagwe, mlinzi wa lango, dada anayeuza mitumba. Usiwaulize kama wamependa, maana watasema wamependa. Waulize walichoona, wakusimulie kana kwamba hukuwepo. Pale wanaporuka kitu ulichodhani ni kikubwa, andika.

Sasa turudi kwa Grotowski, kwa kuwa mnampenda. Alianza mwaka 1959 katika mji wa Opole, Poland, akahamia Wrocław 1965. Aliondoa taa za mbwembwe, akaondoa mandhari na maleba ya bei, akabakiza mwigizaji na watazamaji wachache walioketi karibu naye. Sehemu hiyo huwavutia vijana kwa sababu inalingana na mifuko yetu. Wanachoruka ni kwamba kundi lile lilipata ruzuku ya serikali, na waigizaji wake waliweza kufanya mazoezi mwezi baada ya mwezi juu ya kazi moja. Peter Brook, mwongozaji Mwingereza, naye alipoacha majumba makubwa ya Uingereza akaanzisha kituo cha utafiti Paris mwaka 1970, aliwekewa pesa na wafadhili, akapata miaka mitatu bila kulazimika kuuza tiketi. Desemba 1972 kundi lake likaingia Sahara, likapita Algeria na Niger hadi Nigeria, likitandaza zulia sokoni na kuanza kuigiza bila maandishi. Mojawapo ya maonyesho yao ya mwanzo lilianza na jozi ya viatu katikati ya zulia. Zulia hata mimi ninalo, na viatu ninavyo. Ile miaka mitatu iliyolipiwa ndiyo sina. Ukisoma habari za mwongozaji yeyote mkubwa wa majaribio, kabla hujaiga alichowafanyisha waigizaji wake, tafuta kwanza nani alilipia miezi yao.

Hapa kwetu miezi hiyo utaigharamia mwenyewe, na dawa yake ni kalenda.

Januari hadi Aprili, shule zinatafuta watu wa kuandaa michezo ya tamasha za kitaifa za drama. Tamasha hizo zilianza mwaka 1959 na ndizo zilizotulea karibu sote. Kazi ipo, na ukiwa na jina shule zitakugombania. Patana malipo yote kabla ya ngazi ya kaunti, kwa maandishi, maana mchezo ukishafika kitaifa kila mtu shuleni anakuwa mwongozaji na wewe unakuwa "yule kijana wa drama". Muhula wa pili ni wa vitabu teule. Makundi yanazunguka shuleni kuwaigizia watahiniwa tamthilia na riwaya wanazotahiniwa. Kuna wasanii wanaoionea haya kazi hii. Mimi naona ni shule bora kuliko kozi nyingi. Mko watano ndani ya gari moja, mnaigiza wahusika ishirini, mchana kweupe, katika bwalo linalonukia kabichi, mbele ya wanafunzi mia nane ambao nusu yao wanasinzia. Taa hakuna. Pazia hakuna. Mwigizaji anageuka kutoka bibi kizee hadi polisi kwa kugeuza leso tu, na ole wake asipoeleweka, bwalo zima litamwambia. Kila nilichojua baadaye kuhusu kubadilisha mhusika bila kubadilisha nguo nilikipata huko. Jihadhari tu: mtihani wa KCSE wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 unatarajiwa mwaka 2027, na hili soko halitabaki lilivyo. Anayelitegemea peke yake aanze kutazama kwingine.

Halafu kuna mashirika. Yanataka maigizo ya uhamasishaji: afya, uchaguzi, amani, maji. Wengi wao wanatumia mbinu ya Augusto Boal wa Brazil, ambapo tukio linasimamishwa na mtazamaji anapanda kuchukua nafasi ya mwigizaji ili ajaribu njia yake. Ni mbinu nzito, na nimeona mama mmoja akibadilisha mjadala wa mtaa mzima kwa kupanda na kukataa tu kuketi. Tatizo ni kwamba nguvu yake inatoka kwa kutojua mtazamaji atafanya nini, ilhali aliyekuajiri ana ripoti ambayo jibu lake limeshaandikwa. Fanya kazi yake vizuri, chukua malipo, ila usiiite majaribio na usiruhusu tabia yake ikufuate nyumbani. Nimeona waongozaji wazuri ambao baada ya miaka mitano ya mashirika hawawezi tena kumaliza mchezo bila mhusika mmoja kugeukia watazamaji na kuwaambia waoshe mikono.

Septemba hadi Novemba ni yangu. Ndiyo miezi ya mazoezi, na onyesho huliweka mwisho wa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kabla watu hawajaelekea ocha kwa Krismasi. Ili miezi hiyo iwezekane, pesa za muhula wa pili zikiingia naanza na kodi ya nyumba ya miezi inayokuja, bima ya afya ya SHA ya mwaka mzima, na nauli za kundi. Zinazosalia ndizo za kula. Anayeanza na taa na mabango huishia kukatiza mazoezi wiki ya nne kwenda kutafuta kodi.

Nauli nimeitaja makusudi. Mwigizaji wa Nairobi anaweza kuvumilia asilipwe mshahara wa mazoezi kama mlielewana hivyo, lakini hawezi kutembea kutoka Githurai. Mpe nauli kila siku, mkononi au kwa simu, kabla ya mazoezi kuanza. Akiomba aanze kwa kukopeshwa, hilo ni jambo lenu. Mgawo wa pesa za mlangoni uandikwe karatasi moja, kila mtu atie sahihi, ukiwemo wewe. Na fanyeni mazoezi asubuhi. Kumbi nyingi ni tupu na bei yake ni ndogo, vichwa havijachoka, na hakuna dada anayehesabu dakika akifikiria gari la mwisho la Rongai na nauli iliyopanda mara mbili kwa sababu mvua imenyesha.

Kundi liwe dogo, watu wanne hadi sita. Tangazo la runinga litamchukua mmoja wao wiki ya tano. Mwache aende, kila mtu ampongeze, apate pesa zake, arudi. Ukimlazimisha achague, atachagua kodi yake, na hatakuwa amekosea. Kwa sababu hiyo sipangi kamwe kazi inayosimama juu ya bega la mtu mmoja mpaka wiki za mwisho. Kila mwigizaji hujifunza sehemu ya mwenzake, na mara nyingi kubadilishana huko kumenionyesha kitu ambacho mwenye sehemu alikuwa amekificha.

Kuna jambo moja nitalisema bila kulizungusha. Baadhi ya waongozaji wa mji huu wanaamini majaribio ni leseni ya kumtukana mwigizaji mpaka alie, au kumgusa bila kumuuliza, au kumtoboa pale anapoumia ili "atoe ukweli". Huo ni uonevu tu. Mwigizaji aliyevunjwa atakupa usiku mmoja wa ajabu, na siku ya pili hataweza kurudia, kwa sababu hakuujenga yeye. Katika kundi langu kuna kanuni kwamba yeyote anaweza kusema "simama" wakati wowote, na zoezi linasimama bila maelezo. Watu wakijua wanaweza kusimama, huenda mbali zaidi kuliko wakilazimishwa.

Kuhusu mahali sina mengi. Kenya National Theatre ilifunguliwa 1952, enzi za mkoloni, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena 2015. Ukumbi wake mkuu ni mzuri kwa aliye na watu wa kuujaza. Kwa kazi yetu Ukumbi Mdogo wa pale pale unafaa zaidi. Alliance Française na Goethe-Institut zimewabeba wasanii wengi, na ni vyema kuwajua wasimamizi wake kabla hujawa na ombi. Kwa mazoezi, tafuta kumbi za jamii za Eastlands kama ule wa Kaloleni, au ukumbi wa kanisa. Ukikuta paa ni la mabati na unapanga kuonyesha msimu wa mvua za Aprili, basi mvua ni mwigizaji wako na haina adabu. Tunga mchezo ambao unaweza kueleweka bila maneno kwa dakika kumi, la sivyo subiri mwezi mwingine.

Darasa la bure kabisa liko barabarani. Nenda bustani ya Jeevanjee saa ya chakula cha mchana, uwatazame wahubiri, na wale wa Bunge la Mwananchi wakijadili nchi kana kwamba kura itapigwa jioni hiyo. Nenda mbele ya jengo la Kenya National Archives uone duara la watu linavyoundwa na linavyovunjika. Aliyenifundisha zaidi ni muuza dawa za kienyeji mmoja wa upande wa kituo cha mabasi cha Country Bus. Alikuwa na sanduku la mbao lililofungwa kwa kamba, na alisema ndani mna nyoka. Kabla ya lolote alimwaga maji chini kuchora mstari, akawaambia watoto wakae mbele yake na wasiuvuke. Watu wazima walipoona watoto wamekatazwa, wakaja kuona wamekatazwa nini. Akaanza kufungua kamba, fundo moja, kisha akakumbuka hadithi ya mgonjwa wa Kitui. Fundo la pili, akamwita kijana mmoja aliyekuwa akimcheka, akampa ashike kamba, akamwambia kwa upole asiachilie hata akihisi kitu kinavuta. Yule kijana hakucheka tena. Dawa iliuzwa kati ya fundo la tatu na la nne. Sanduku halikufunguliwa, na hakuna aliyedai lifunguliwe, maana kufikia wakati huo kila mtu alikuwa ameshamwona nyoka wake. Nilisimama pale mpaka jua likanikaanga utosi. Mpaka wa jukwaa, nafasi ya mtazamaji, muda wa kuchelewesha, namna ya kumfanya mpinzani kuwa msaidizi: yote alikuwa nayo, bila stima wala ruzuku.

Wale askari wa kaunti, kanjo, wakitokea, bila shaka, duara hupotea kwa sekunde chache. Ukitaka kuigizia barabarani pata kibali, na ubebe nakala mbili. Na usidhani mambo ya 1982 yameisha. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru na mchezo wao wa tamasha wakakutana na polisi na vitoa machozi. Mchezo wa wanafunzi. Sikuambii uogope, nakuambia umjue wakili mmoja kwa jina kabla hujamhitaji.

Watazamaji utawapata wachache, na hilo si balaa. Watu thelathini kwenye duara ni wengi. Weka onyesho saa tisa alasiri Jumamosi na Jumapili, chukua malipo ya tiketi kwa M-Pesa kabla ya siku, na punguza viti badala ya kupunguza bei. Wasikudanganye kwamba Nairobi haipendi kitu kigeni. Too Early for Birds walipoanza mwaka 2017, wasimulizi wakisimama kuhadithia historia ya Kenya kwa mtindo ambao haukufanana na mchezo uliozoeleka, kumbi zilijaa vijana ambao hawakuwa wakienda kutazama maigizo. Watazamaji wapo. Wanachochoka nacho ni kuingia mahali wakihisi kwamba wanatahiniwa.

Swali la mwisho ambalo huulizwa, kwa kawaida kwa sauti ya chini na mtu mwenye tai, ni kama aache kazi. Usiache bado. Kama Jumamosi zako ni zako, anza nazo. Tafuta watu wanne ambao unaweza kuwavumilia wakiwa na njaa, mkutane saa tatu asubuhi hadi saa saba, na miezi miwili ya kwanza msitangaze lolote popote. Njoo na swali moja, hata kama bado hujapata maneno mazuri ya kuliuliza. Kanisa litakudai barua kabla ya kukupa ukumbi. Iandike mapema na useme wazi kwamba ni maigizo, kwa sababu siku mtakapofanya zoezi la kilio mlinzi atakuja mbio, na ni vizuri akute jina lako kwenye karatasi yake.